Aliimba Hotelini, Akalala Ng'ambo ya Reli: Sammy Davis Jr. na Ubaguzi wa "Mimi Sina Neno"

Mpwa wangu alinisogezea simu nione kipande cha video ya zamani. Wanaume watatu wanne wamevaa suti nyeusi na tai za kipepeo, glasi mkononi, wanataniana jukwaani. Mmoja wao ni mweusi, mfupi, mwembamba kama fito. Anaimba, anacheza, anaiga sauti za wenzake mpaka wanashika mbavu. Kijana akaniuliza, "Mjomba, huku chini watu wanaandika eti huyu jamaa alibaguliwa sana. Mbona namwona anakula raha na Wazungu? Ana hela, ana jina, ukumbi mzima unampigia makofi. Alibaguliwa wapi?"

Ni swali la wengi. Mei 2023, mashabiki walipomwita Vinícius Júnior, mcheza mpira mweusi wa Brazil, nyani uwanjani Valencia huko Hispania, niliwasikia watu wazima kijiweni wakisema, "Na mshahara wote ule, analia nini?" Fikra ni ileile: kwamba pesa na makofi ni kinga, ukishavipata ubaguzi haukugusi tena, na ukilalamika unadeka. Yule mweusi wa kwenye video, Sammy Davis Jr., mwimbaji na mcheza dansi wa Marekani, alivipata vyote viwili kwa wingi. Ndiyo maana maisha yake yanafaa kulifungulia fundo hili.

Kuna maneno matatu ambayo kwenye mazungumzo tunayatia chungu kimoja. La kwanza ni chuki ya rangi, yaani mtu kumwona mwenzake duni kwa sababu ya ngozi yake. Hiyo hukaa moyoni, na mtu anaweza kuishi nayo miaka themanini jirani asijue. La pili ni ubaguzi: chuki imetoka moyoni imekuwa tendo, mtu amenyimwa chumba, kazi au kiti. La tatu ni utengano. Hapo matendo yameshapangwa yakawa utaratibu wa mji, weupe huku na weusi kule, milango miwili, mabomba ya maji mawili, na kila mtu anapajua pake bila kuambiwa. Katika majimbo ya Kusini mwa Marekani utengano uliandikwa kwenye sheria. Kaskazini na Magharibi, mara nyingi haukuandikwa popote. Ulikuwa desturi tu, na desturi ni ngumu kuishtaki, kwa sababu kila unayemshika anasema si yeye aliyeianzisha.

Aliyewahi kutafuta chumba cha kupanga mjini anaujua mchezo huu. Dalali anakupokea vizuri, chumba kipo, bei mmeelewana. Anasikia jina lako la ukoo. Anasogea pembeni na simu, anarudi na sura nyingine. "Ndugu yangu, mimi sina neno kabisa. Ila mwenye nyumba…" Ukifanikiwa kumwona mwenye nyumba, naye anakwambia, "Mimi sina shida na watu wa kwenu. Ila wapangaji wangu wengine…" Wapangaji wenyewe hakuna aliyewauliza. Umekosa chumba, na ukitafuta aliyekukatalia humpati. Naomba msomaji aushike mfano huu, kwa sababu Sammy Davis Jr. aliishi maisha yake yote mikononi mwa madalali wa namna hii.

Alizaliwa Harlem, New York, tarehe 8 Desemba 1925. Baba yake, Sammy Davis mkubwa, alikuwa mcheza dansi, na mama yake, Elvera Sanchez, mwenye asili ya Kuba, vilevile. Wazazi walipoachana baba akamchukua mtoto, akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, akaenda naye barabarani pamoja na kiongozi wa kundi lao, Will Mastin, ambaye Sammy alimwita mjomba ingawa hawakuwa na undugu wa damu. Hakwenda shule. Darasa lake lilikuwa nyuma ya jukwaa. Kulikuwa na watu waliofuatilia watoto wanaofanyishwa kazi kwenye kumbi, kwa hiyo wazee wake wakambandika jina la mbilikimo mcheza dansi na kumtia sigara mdomoni, ili aonekane mtu mzima mfupi. Mwaka 1933, akiwa na miaka saba, aliigiza kwenye filamu fupi ya vichekesho kama mtoto mweusi aliyechaguliwa kuwa rais wa Marekani. Wakati huo wazo lenyewe ndilo lilikuwa kichekesho.

Kuhusu vipaji vyake vingi, watu husema "alijaliwa," kisha wakanyamaza. Kujaliwa alijaliwa. Lakini tuangalie pia mazingira. Kundi la weusi lilipewa dakika chache, aghalabu mwanzoni mwa onyesho wakati watu bado wanatafuta viti vyao. Lilitakiwa lifanye jambo moja: wacheze kwa kasi, wakenue meno, washuke. Mtoto aliyekulia humo alijifunza kwamba akikosea dakika ya pili hana ya tatu. Akajifunza dansi ya tap, ile ya viatu vilivyopigiliwa vibati kwenye soli mpaka miguu inasikika kama ngoma. Akaongeza kuimba, kisha dramu, tarumbeta, vibrafoni. Baadaye akaongeza kuigiza, na kwa burudani yake akawa stadi wa kuchomoa bastola za kuchezea kama wale wa filamu za ng'ombe na farasi. Kila ufundi ulikuwa ufunguo mwingine mfukoni, endapo mlango wa kwanza ungegoma.

Ufunguo mmoja uliwatia hofu hata wazee wake: kuiga sauti. Sammy aliweza kumwiga James Cagney au Humphrey Bogart, waigizaji weupe wa filamu, ukafumba macho ukaapa wako chumbani. Baba yake na Mastin wakamwonya kwamba mtu mweusi haigi Wazungu mbele ya Wazungu. Mzungu kumwiga mweusi ilikuwa burudani ya miaka mingi, wakijipaka masizi usoni na kuchora midomo minene. Kinyume chake ilihesabika utovu wa adabu. Sammy akaendelea tu. Mwaka 1951, usiku wa tuzo za Oscar, kundi lao la watu watatu lilifungua onyesho katika ukumbi wa Ciro's mjini Hollywood, kabla ya mwimbaji mkuu Janis Paige kupanda. Waliokuwa ukumbini ni nyota wenyewe, baadhi yao ndio wanaoigwa. Hawakuwaacha washuke. Makofi yalikuwa makubwa kiasi kwamba Paige baadaye akakubali atangulie yeye, wao wafunge.

Turudi nyuma kidogo, mpaka jeshini, kwa sababu ndiko alikoiona chuki yenyewe bila dalali katikati.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliandikishwa jeshi na kupelekwa kambi ya Fort Francis E. Warren, Wyoming, kambi iliyokuwa ikijaribu kuwaweka weusi na weupe pamoja. Alikuwa na miaka kumi na minane. Mpaka hapo baba na mjomba walikuwa wamemkinga kwa uongo wa mapenzi. Walipofukuzwa mahali walimwambia, "Wanatuonea wivu, sisi ni wasanii." Kijana akaamini. Kambini uongo ule ukaisha. Alikuwa na saa ya mkononi, zawadi ya baba yake na Mastin, kitu cha thamani kuliko vyote alivyomiliki. Askari mmoja mweupe akaiweka chini na kuisaga kwa kisigino cha buti. Huo ulikuwa mwanzo. Alivunjwa pua kwenye ngumi. Siku nyingine walimshika wakampaka rangi nyeupe. Alisimulia baadaye katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1965, kwamba ghafla aliiona ile kinga aliyokuwa amezungushiwa na wazee wake tangu utotoni. Akawapenda kwa hilo, na akatambua pia kwamba ilikuwa imemfanya asijue anaishi dunia gani. Sajini mmoja mweusi ndiye aliyemfundisha kusoma vitabu, akimpa kimoja baada ya kingine.

Alihamishiwa kikosi cha burudani. Kila usiku alipopanda jukwaani aliwatafuta kwa macho wale wenye chuki, akawachezea wao. Aliamini kipaji chake ndiyo silaha yake pekee, kwamba akiwa mzuri kupita kiasi hawataweza kumchukia. Imani hiyo ilimpa nguvu na ilimtesa pia, maana mtu anayetaka kupendwa hata na anayemchukia hawezi kupumzika.

Sasa Las Vegas, ambako naomba tukae kidogo.

Wengi hudhani ubaguzi wa Marekani ulikuwa mambo ya Kusini, Alabama na Mississippi huko. Nevada iko Magharibi, jangwani, na haikuwa na sheria iliyolazimisha hoteli kutenga watu. Lakini katikati ya miaka ya 1940, kundi la Will Mastin lilipopata kazi katika hoteli ya El Rancho Vegas, utaratibu waliokutana nao ulikuwa huu: wasanii wanaingia kwa mlango wa nyuma, wanapanda jukwaani, wanashangiliwa, wanatoka kwa mlango uleule. Hawaruhusiwi kukaa kwenye meza ya kamari, kula mgahawani, kunywa baa, wala kulala katika hoteli iliyojaa watu waliokuja kuwatazama. Walilala ng'ambo ya reli, mtaa ulioitwa Westside, kwenye nyumba ya mama mweusi aliyepangisha vyumba. Barabara za mtaa ule hazikuwa na lami. Waliokaa huko ni weusi wengi waliotoka Arkansas na Louisiana wakati wa vita kutafuta kazi za kiwandani, na ambao baadaye ndio waliotandika vitanda na kuosha vyombo katika hoteli hizohizo. Weusi walioijua Nevada waliiita Mississippi ya Magharibi.

Fikiria harusi ukumbini. Mpishi kapika pilau kila mtu anajilamba vidole, wageni wanasema mpishi huyu mikono yake ibarikiwe. Mpishi mwenyewe kala uani, kachuchumaa, kwa sababu "wageni watajisikiaje." Chakula chake kimeingia ukumbini, yeye hakuingia. Kwa Sammy ilikuwa hivyo, na ndiyo maana makofi si ushahidi wa kwamba hapakuwa na ubaguzi. Utaratibu ule ulitengenezwa ili sauti iingie na mwenye sauti abaki nje.

Ukiwauliza wenye hoteli, jibu lilikuwa tayari: sisi hatuna neno, ila wacheza kamari matajiri kutoka Texas na Kusini watakasirika, wataondoka, tutafilisika. Mteja asiye na jina ndiye aliyebebeshwa mzigo wote.

Mei 1955 ilifunguliwa hoteli ya kasino iitwayo Moulin Rouge, karibu na Westside, iliyowapokea watu wa rangi zote. Bingwa wa ngumi Joe Louis alikuwa mwenyeji wa kuwakaribisha wageni mlangoni. Onyesho lake la tatu lilianza usiku wa manane umeshapita, na nyota waliomaliza kazi kwenye hoteli kubwa walihamia huko, Sammy na rafiki yake, mwimbaji mweupe Frank Sinatra, miongoni mwao. Wateja weupe nao wakawafuata. Wale wateja waliodaiwa kwamba wangekimbia wakimwona mweusi mezani, walivuka mji mzima saa nane za usiku kwenda kukaa naye meza moja. Hoteli ile ilifungwa kabla mwaka haujaisha, kwa matatizo ya fedha, lakini jambo lilikuwa limeshaonekana.

Kuna hadithi inayopendwa sana, kwamba Sinatra ndiye aliyeuondoa ubaguzi Las Vegas kwa kumtetea rafiki yake. Ina ukweli ndani yake. Sinatra alitumia jina lake kushinikiza hoteli ya Sands impe Sammy chumba, na Sammy mwenyewe, alipopata nguvu, alikataa kufanya kazi kwenye kumbi zinazotenga watazamaji. Sichukulii hilo kirahisi. Lakini hadithi hiyo inamfanya mweusi wa kawaida wa Westside asahaulike, na mlango uliofunguliwa kwa ajili ya nyota mmoja unaweza kufungwa nyuma yake. Milango ilifunguliwa kwa wote Machi 1960. Chama cha kutetea haki za weusi, NAACP, kikiongozwa mjini hapo na daktari wa meno James McMillan, kiliwapa viongozi wa mji tarehe ya mwisho: msipoondoa utengano, tutaandamana barabara kuu ya makasino Jumamosi, tarehe 26. Picha ya maandamano mbele ya taa zile ingesambaa dunia nzima. Kabla maandamano hayajafanyika walikutana Moulin Rouge, hoteli ambayo tayari ilikuwa imefungwa, pamoja na gavana Grant Sawyer, na makubaliano yakafikiwa. Hoteli nyingi zikaanza kupokea weusi.

Wateja wa Texas walifanya nini? Waliendelea kucheza kamari. Mji haukufilisika, ulikua. Utetezi uliowalaza watu vumbini kwa miaka karibu ishirini ulivunjika kwa wiki chache tu za shinikizo. Kazi nzuri, za kugawa karata na kusimamia, zilichelewa zaidi. Mpaka 1971 ndipo yalipatikana makubaliano mahakamani ya kuzifungua.

Nimeruka ajali. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Novemba 1954, Sammy alimaliza onyesho katika hoteli ya Last Frontier, Las Vegas, ambako mkataba sasa ulikuwa umewapa vyumba vya kulala palepale, akaondoka kwa gari kwenda Los Angeles kurekodi wimbo wa filamu. Karibu na San Bernardino akagongana na gari lililokuwa likigeuza barabarani. Katikati ya usukani wa Cadillac yake palikuwa na kitufe cha honi kilichochongoka kama risasi. Kilimwingia jicho la kushoto. Likatolewa. Mcheza dansi mwenye jicho moja hupoteza kipimo cha umbali, hajui ukingo wa jukwaa uko hatua ngapi, na hata kumimina maji kwenye glasi inabidi ajifunze upya. Januari 1955 alirudi Ciro's amefunga kitambaa jichoni na akacheza. Hospitalini ndipo alipoanza kuzungumza kwa kina kuhusu dini ya Kiyahudi, na baada ya miaka kadhaa ya kusoma akaingia dini hiyo. Wengi walilifanya jambo la kuchekwa, mweusi, Myahudi, chongo, na yeye mwenyewe akalitumia jukwaani kabla hawajamtangulia. Imani yake ilikuwa ya kweli. Alisema aliona ndugu katika historia ya watu walioteswa muda mrefu wasiangamie.

Lakini jeraha kubwa kuliko la jicho lilitokana na mapenzi.

Hapa pana neno jingine la kueleza. Majimbo mengi ya Marekani yalikuwa na sheria zilizoifanya ndoa ya mtu mweusi na mweupe kuwa kosa la jinai. Si kwamba ndoa ingekosa baraka za wazee, wahusika wangefungwa. Sheria hizo zilifutwa na Mahakama ya Juu kabisa ya nchi tarehe 12 Juni 1967, zikiwa bado hai katika majimbo 16. California ilikuwa imeshaacha tangu 1948, lakini sheria ikitoka kitabuni, chuki hukaa mitaani miaka mingi.

Mwaka 1957 Sammy alikuwa na uhusiano na Kim Novak, mwigizaji mweupe aliyekuwa hazina ya studio ya Columbia. Mkuu wa studio, Harry Cohn, aliona mali yake inaungua: mimi sina neno, ila watazamaji. Safari hii vitisho vilikuja. Sammy alielezwa kwamba asipotafuta haraka mke mweusi, litatolewa jicho la pili. Januari 1958 akamwoa mcheza dansi mweusi, Loray White, kwa makubaliano. Ndoa haikudumu. Ninapoona leo watu wakiiandika habari hiyo kama udaku wa mastaa, naumia. Mtu aliyekuwa kileleni, jina lake limeandikwa kwa taa, alipangiwa mke kwa kutishiwa macho yake.

Miaka miwili baadaye akampenda May Britt, mwigizaji kutoka Uswidi. Mwaka 1960 ndio ulikuwa mwaka wa uchaguzi kati ya Kennedy na Nixon, na Sammy alimfanyia Kennedy kampeni kwa moyo wote. Julai, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic huko Los Angeles, aliposimama na wenzake kuimba wimbo wa taifa, wajumbe wa Mississippi wakamzomea. Akabaki amesimama, machozi yanamlenga, mpaka wimbo ukaisha. Wafuasi wa chama cha Wanazi wa Marekani walisimama na mabango nje ya kumbi alizotumbuiza. Ili asimharibie Kennedy kura, Sammy akaisogeza harusi yake mpaka baada ya uchaguzi. Walioana tarehe 13 Novemba 1960, Sinatra akiwa mpambe wake.

Kennedy akashinda. Januari 1961 ikaandaliwa hafla kubwa ya burudani ya kumkaribisha madarakani, mwandalizi akiwa Sinatra. Siku chache kabla, Sammy akapigiwa simu kwamba asije.

Sehemu hii ndiyo inayochanganya wengi. Kwenye hafla ile weusi walikuwepo. Ella Fitzgerald aliimba, Mahalia Jackson aliimba. Kwa hiyo rangi jukwaani haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mweusi aliyeoa mke mweupe, ambaye sura yake magazetini ingewakumbusha wabunge na wapiga kura wa Kusini jambo wasilotaka kuliona. Ubaguzi huo ulikuwa tayari kumpokea mweusi kama mwimbaji, si kama bwana wa mtu, mkwe wa mtu, jirani wa mtu. Na Kennedy, kama yule mwenye nyumba wetu, hakuwa na neno. Ila wapiga kura. May Britt naye, studio yake haikuendelea naye.

Sasa niirudie video ya mpwa wangu, zile kejeli za Sinatra, Dean Martin na Sammy. Kuna utani mmoja maarufu: Dean Martin anambeba Sammy mikononi kama mtoto, anasogea kwenye kipaza sauti na kusema anawashukuru NAACP kwa tuzo hii. Sammy anacheka mpaka anajikunja, anapiga paja. Je, ule ni ubaguzi? Mimi naona mambo mawili yamelala kitanda kimoja. Watu wale walipendana kweli, na kwa wakati ule kumwona mweusi akiguswa, akikumbatiwa na kutaniana na weupe jukwaa moja kulikuwa jambo la kuvunja miiko. Lakini utani wa watani kwetu unajulikana kwa kitu kimoja: unaenda na kurudi. Mngoni anamsema Msukuma, Msukuma naye anajibu, hakuna aliye juu. Pale jukwaani mzaha wa rangi mara nyingi ulielekea upande mmoja, kwa yule ambaye chumba chake cha kulala kilihitaji mtu wa kukitetea. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko cha wote, na kila nikikitazama naona pia kazi ndani yake.

Weusi wenzake nao walimhukumu. Wakati wa ndoa zake walisema anaikimbia rangi yake. Agosti 1972, wakati wa mkutano wa chama cha Republican huko Miami, alimkumbatia Rais Nixon kwa nyuma, mbele ya kamera, na picha ile ikamfuata mpaka kaburini. Mwaka huohuo, kwenye tamasha la weusi mjini Chicago, alizomewa na watu wake mwenyewe. Leo bado utasikia akiitwa kibaraka.

Hasira ile naielewa, kwa sababu siasa za Nixon ziliwaumiza weusi wengi. Neno kibaraka ndilo silikubali. Tarehe 24 Machi 1965, wakati waandamanaji wa haki ya kupiga kura waliotoka Selma walipofika nje kidogo ya Montgomery, Alabama, Sammy aliliacha kwa usiku mmoja onyesho lake la Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, *Golden Boy*, akaenda kuwaimbia juu ya jukwaa lililoungwaungwa kwa makasha ya majeneza. Aliogopa Kusini, na hakuficha kwamba anaogopa. *Golden Boy* yenyewe ilimhusu bondia mweusi anayempenda mwanamke mweupe, wakibusiana hadharani, na vitisho vya kumuua vilikuja kwa barua. Iliendelea kuonyeshwa zaidi ya mara 500. Mwaka 1968 NAACP ilimpa nishani yake ya juu, ya Spingarn, kwa fedha na nguvu alizotoa. Ni mtu huyohuyo. Nixon alimpokea, mwaka 1973 akamlaza Ikulu kama mgeni, na kwa mtu aliyewahi kulala ng'ambo ya reli baada ya kuimba hotelini, mwenye nchi kukwambia karibu ulale ni neno zito. Nadhani alikumbatia neno lile zaidi ya mtu aliyelitamka. Baadaye alijuta.

Aliendelea kuimba, kuigiza, kucheza. Mwaka 1972, wimbo mmoja mwepesi wa watoto kuhusu muuza pipi, ambao mwenyewe hakuupenda, ndio uliompa nafasi ya kwanza kwenye chati za Marekani. Aliishi kwa matumizi makubwa, akavuta sigara bila kupumzika, akafa akidaiwa mamilioni ya dola za kodi. Saratani ya koo ilipokuwa imeshaanza kumla sauti, wasanii walikusanyika kumwenzi kwa miaka sitini ya kazi. Mcheza tap wa kizazi kilichomfuata, Gregory Hines, alicheza mbele yake. Sammy akaletewa viatu vyake vya vibati pale alipokuwa amekaa. Akavivaa, akapanda jukwaani, wakajibizana kwa miguu. Walipomaliza Hines akainama akakibusu kiatu chake.

Alifariki tarehe 16 Mei 1990, akiwa na miaka 64. Siku mbili baadaye, hoteli za barabara kuu ya Las Vegas zilizima taa zake za nje kwa dakika kumi kumuaga, katika mji ambao giza ni hasara. Nadhani wageni kutoka Texas walikuwepo kama siku zote, wamesimama nje gizani pamoja na wengine. Safari hiyo hakuna mwenye hoteli aliyesema, "Mimi sina neno, ila wateja."